Wiki tano za paka, miaka miwili ya mtoto

Kunduchi, kuanzia Pwani kwenye soko la samaki hadi Mtongani kwenye machimbo ya kokoto, mtoto akifikisha miezi tisa bila kukaa, jirani wa kwanza kuulizwa huwa na jibu tayari: "Ataamka tu, mwaya. Hata wa kwangu alichelewa." Jibu hilo linatoka kwenye moyo mwema. Mama aliyejifungua kwa shida, akaambiwa mtoto hakulia, akamwona anakimbizwa kwenye oksijeni, anahitaji mtu wa kumtuliza. Lakini katika maneno yote atakayoambiwa ndani ya mwaka wa kwanza, naamini hayo ndiyo yatakayomgharimu zaidi mwanawe. Walionifikisha kwenye imani hiyo ni wanyama: kima, panya na paka walioumizwa ubongo wakiwa wachanga, kisha wakafuatiliwa kwa makini kuona nani atatembea, nani atashika, na kwa nini.

Wazo kwamba ubongo mchanga hupona wenyewe si la jirani wa Mtongani peke yake. Wanasayansi nao walilishikilia kwa miaka mingi. Mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, daktari Margaret Kennard alichapisha matokeo ya kuondoa sehemu ya ubongo inayoendesha miondoko kwa kima wa umri mbalimbali. Wakubwa walilegea, kisha wakakakamaa. Wachanga, kwa jeraha lile lile, baada ya muda mfupi walikuwa wanapanda na kushika chakula. Kutokana na kazi yake ikazuka kanuni iliyopewa jina lake na watu wengine: ukiumia ubongo, heri uumie ukiwa mdogo. Kennard mwenyewe hakuwa mwepesi kiasi hicho. Aliona kwamba umri ni jambo moja tu kati ya mengi, na kwamba baadhi ya wachanga wake walipokua, kukakamaa ambako hakukuwapo mwanzoni kulijitokeza. Dunia ikakumbuka nusu ya kwanza ya habari, nusu ya pili ikasahaulika.

Nusu hiyo ya pili ilirudi taratibu. Katika miaka ya 1970, Patricia Goldman alionyesha kwamba kima walioumizwa sehemu ya mbele ya ubongo wakiwa wachanga walifanya vizuri majaribio waliyopewa utotoni, wakaja kushindwa walipofikia umri ambao sehemu ile ndiyo ingeshika kazi. Mwaka 1983, Richard Passingham na wenzake wa Oxford wakachapisha uchunguzi wa muda mrefu wa kima walioondolewa eneo la miondoko utotoni. Walitembea, walipanda. Lakini kazi ilipohitaji vidole, kuchukua punje ya chakula kwa kidole gumba na cha shahada, mkono wa aliyeumia mchanga haukuwa bora kuliko wa aliyeumia mkubwa.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu, kwa sababu linaeleza kitu kinachovunja nyumba huku kwetu. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kunyonya na kucheka akiwa na miezi mitatu, kila mtu akashukuru Mungu. Anapofika miezi tisa hakai. Anapofika mwaka na nusu, ngumi ya mkono mmoja haifunguki. Ndugu huhesabu nyuma na kutafuta kilichotokea katikati: nani alimbeba, nani alimtazama kwa jicho baya, ilikuwa siku gani degedege ilipompata, mama alikula nini. Na mara nyingi hakuna kilichotokea katikati. Jeraha ni la siku ya kuzaliwa. Lilionekana ulipofika wakati wa ule ujuzi kudaiwa, kama ilivyokuwa kwa wale kima wa Goldman. Laiti kila baba angeelezwa hivyo kabla hajamrudisha mama wa mtoto kwao.

Umri nao ni mgumu kuliko kanuni ya Kennard ilivyodai. Bryan Kolb wa Chuo Kikuu cha Lethbridge nchini Kanada alitumia miongo kadhaa kuchunguza panya. Aliyeumizwa gamba la ubongo katika siku chache za kwanza baada ya kuzaliwa alikua vibaya, mara nyingine vibaya kuliko panya mzima aliyepata jeraha lile lile. Aliyeumizwa kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili hivi alirejesha mengi ya kushangaza. Sababu ni kile ambacho ubongo unajenga wakati huo. Panya huzaliwa akiwa na ubongo ulio nyuma ya wa kwetu. Siku zake za kwanza zinalingana na miezi ya mwisho ya mimba ya binadamu, seli zikiwa bado zinasafiri kwenda mahali pake. Wiki ya pili ni wakati wa seli kuunganishana kwa wingi, na jeraha likikuta ujenzi huo unaendelea, miunganisho mipya inaweza kulizunguka. Ndiyo maana mtoto njiti aliyevuja damu kwenye ubongo si sawa na mtoto wa mwaka mmoja aliyepata homa ya uti wa mgongo au malaria ya kichwani, hata kama wote wawili wamelegea mkono wa kulia.

Kolb na mwenzake Robbin Gibb walijaribu jambo jingine ambalo bibi yeyote wa pwani angelielewa mara moja. Waliwachukua panya wachanga waliokwisha kujeruhiwa wakawapapasa kwa brashi laini, dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili hivi. Walipokua, panya hao walikuwa mahiri zaidi kufikia chakula kwa mkono kuliko wenzao ambao hawakupapaswa, na seli za ubongo wao zilionyesha mabadiliko. Sitamwambia mama yeyote kwamba mafuta ya nazi yatamponya mwanawe. Panya si mtoto, na kumvuta mtoto viungo kwa nguvu, kama baadhi ya wakandaji wafanyavyo, kunaweza kumuumiza. Lakini mguso wa upole unafika hadi kwenye ubongo, na bibi anayemkanda mjukuu taratibu, huku anamwimbia na kumwangalia usoni, hapotezi muda.

Sasa paka, maana hapo ndipo penye kiini cha yote.

Mjini New York, John Martin na Kathleen Friel hawakukata kitu. Waliuzima kwa dawa upande mmoja wa eneo la miondoko la mtoto wa paka, kuanzia wiki ya tano hadi ya saba ya maisha yake. Kisha dawa ikaondolewa. Hakukuwa na kidonda. Ubongo ulikuwa mzima pande zote mbili. Hata hivyo paka yule alikua akishindwa kuweka mguu wa mbele mahali macho yake yalipolenga. Kilichotokea ni mashindano. Paka anapokuwa mchanga, nyuzi za neva kutoka nusu zote mbili za ubongo hushuka kwenye uti wa mgongo na kugombea nafasi, na nafasi hupewa anayefanya kazi. Upande ulionyamazishwa ulikuwa kama abiria aliyeshuka daladala pale Tegeta asubuhi kununua vocha: amerudi, ana nauli, hana kosa, lakini kiti kina mtu.

Mwaka 2012 Friel, Martin na wenzao walichapisha hatua iliyofuata. Paka waliokwisha kupoteza nafasi waligawanywa. Kundi moja lilifungwa mguu mzuri ili usitumike, na kila siku likafundishwa kufikia chakula kwa mguu dhaifu, kati ya wiki ya nane na ya kumi na tatu. Kundi la pili lilifungwa mguu mzuri katika wiki zile zile bila kufundishwa chochote. La tatu lilipata vyote viwili, mafunzo na kufungwa, lakini kati ya wiki ya 20 na ya 24.

Waliofunzwa mapema walirejesha karibu kila kitu: nyuzi kwenye uti wa mgongo, ramani ya mwili kwenye ubongo, na ustadi wenyewe. Waliofungwa bila kufunzwa walipata nyuzi, ustadi haukurudi. Waliochelewa walifanya mazoezi yale yale, kwa bidii ile ile, na ustadi ule haukurudi. Kati ya kundi la kwanza na la mwisho tofauti ni miezi miwili na kitu. Ninapomsikia mtu akisema "ngoja kwanza tuone", huwa nawafikiria paka wa kundi la tatu.

Kwa binadamu wiki hizo hugeuka kuwa miezi. Janet Eyre wa Newcastle, Uingereza, akitumia mapigo ya sumaku yasiyoumiza juu ya kichwa, alionyesha kwamba mtoto mchanga naye ana njia kutoka kila nusu ya ubongo kwenda mikono yote miwili, na kwamba uwiano hupangwa ndani ya miaka miwili hivi ya kwanza. Mtoto aliyepata kiharusi cha upande mmoja anaweza kuanza maisha akiwa na nyuzi zinazofanya kazi kutoka upande ulioumia. Nyuzi hizo hupungua mwezi baada ya mwezi, upande mzima ukichukua nafasi.

Hapa pana jambo la malezi yetu ambalo madaktari wa Ulaya hawana sababu ya kulifikiria. Pwani mtoto hufundishwa mapema kwamba mkono wa kushoto si wa kula wala wa kupokea. Sasa mtoto wa miezi minane anayechukua kila kitu kwa kulia, na kushoto kumelala ubavuni, husifiwa ana adabu. Mwenzake anayetumia kushoto tu huchapwa kidogo, au kanga inafungwa ili mkono ule usitoke. Ukweli ni kwamba mtoto mzima kabla ya kutimiza mwaka hachagui mkono; hushika kwa ule ulio karibu na kitu. Anayechagua mapema hivyo, awe amechagua kulia au kushoto, anatuambia mkono wa pili una tatizo. Apelekwe hospitali mwezi huo huo.

Na kuna la kufanya. Ann-Christin Eliasson wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi aliwafundisha wazazi wa watoto wachanga wenye udhaifu wa upande mmoja kuuvika mkono mzuri soksi au glavu laini, na kumpa mtoto vitu vya kuvutia upande wa pili, dakika 30 kwa siku, kwa vipindi vya wiki kadhaa, nyumbani, mtaalamu akiwaelekeza. Kikombe cha plastiki, kijiko, kifuniko cha sufuria vinatosha. Mchezo ndio mafunzo. Soksi peke yake ni kama lile kundi la pili la paka. Njia hii ni ya wenye udhaifu wa upande mmoja. Watoto wengi wa kwetu wenye mtindio wa ubongo, hasa waliokosa hewa au waliopata manjano kali wakiwa wachanga, wameathirika pande zote mbili, na kwao kazi huanzia kwingine: jinsi ya kukalishwa, kubebwa na kulishwa wima ili chakula kisiingie mapafuni. Lakini saa yao pia inakwenda.

Wanyama hao hawakujitolea. Wazo la kuufunga mkono mzuri lilitokana kwa kiasi kikubwa na kima wa Edward Taub, waliokatwa neva za hisia za mkono, wakaacha kuutumia ingawa ungeweza kusogea. Mwaka 1981 maabara yake ya Silver Spring, Maryland, ilivamiwa na polisi baada ya picha za hali ya kima 17 waliokuwamo kutolewa nje, na kelele za kesi ile zilichangia Marekani kuimarisha sheria ya ulinzi wa wanyama mwaka 1985. Picha zile siwezi kuzitetea. Ninachoweza kusema ni kwamba maarifa yamekwisha kulipiwa na viumbe ambao hawakuulizwa, na kuyaacha yakae kwenye majarida huku mtoto wa Mtongani akifungwa mgongoni hadi miaka mitatu ni kuwadhulumu mara ya pili, wao na yeye.

Si kila kilichofaulu kwa wanyama hufaulu kwa watoto wetu. Kumpoza mwili mtoto aliyekosa hewa, hadi nyuzijoto 33.5 kwa saa 72, kulianzia kwa wanyama, kukaokoa watoto katika hospitali za nchi tajiri. Utafiti mkubwa uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, kwa watoto 408, ukachapishwa mwaka 2021: waliopozwa walikufa zaidi kuliko wasiopozwa. Kwa hiyo mtu akitaka kununua mashine za kupoza watoto kwa ajili ya hospitali zetu, aulizwe maswali mengi. Kilichothibitika hapa hapa nyumbani ni cha kawaida zaidi. Tanzania ilipowafunza wakunga katika hospitali nane kumkausha, kumsugua na kumpulizia hewa kwa mfuko wa mkono mtoto asiyelia, ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo ya utafiti huo, ulioongozwa na Georgina Msemo, yalichapishwa mwaka 2013.

Kuna mnyama mmoja wa Tanzania ambaye hakuguswa na mtafiti yeyote, na kisa chake kinanigusa kuliko vyote. Januari 2011, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe aitwaye Christina alizaa mtoto wa kike ambaye watafiti wa Kijapani walimwandika kama XT11. Mtoto yule hakuweza kukaa bila kushikwa, mdomo wake ulikuwa nusu wazi, na hakuweza kujishikilia vizuri kwenye manyoya ya mama yake kama watoto wa sokwe wafanyavyo. Hilo lilikuwa tatizo la kuzaliwa nalo, dalili zake zikifanana na za watoto wa binadamu wenye ugonjwa wa Down. Christina akambeba kwa kumshikilia kwa mkono mmoja kila aendapo, na shughuli za kutafuta chakula zinazotaka mikono miwili zikampita. Dada mkubwa wa mtoto alimpokea mara kwa mara, mama akapata nafasi ya kula. Porini, bila kliniki, mtoto yule aliishi miezi 23 hivi.

Mama wa Mtongani anayeponda kokoto ana hesabu ile ile ya mikono. Nyundo inataka mkono, mtoto asiyekaa anataka mikono miwili, na anayepokea ni dada mkubwa, ambaye siku hiyo haendi shule. Kliniki ya mazoezi ya viungo ipo: hospitali ya CCBRT Msasani inawahudumia watoto wenye mtindio, Muhimbili vilevile. Kufika huko kutoka Kunduchi ni kupanda daladala zaidi ya moja na mtoto asiyeweza kushika kichwa chake, kusubiri, kisha kurudi bila kipato cha siku. Kumwambia mama huyo aende mara mbili kwa wiki ni kumpa agizo ambalo anajua hatalitimiza, na mara nyingi atanyamaza kwa heshima tu, asirudi tena.

Uganda imeonyesha njia nyingine. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliwachunguza watoto zaidi ya 31,000, wakachapisha mwaka 2017 kwamba karibu watoto watatu katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Walibaini pia kwamba kiwango kilikuwa kidogo kwa watoto wakubwa kuliko wadogo, na maelezo yake ni mazito: wengi hawafikii ukubwa. Baadaye katika eneo lile lile ulianzishwa mpango uitwao Akwenda, wa kuwakutanisha wazazi katika vikundi karibu na nyumbani, kujifunza mazoezi na kutengenezewa viti na vifaa vya kusimamia. Mtaalamu ndiye anayefunga safari.

Kunduchi haikosi mahali pa kukutana. Kila mtoto hupelekwa kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa, na kadi yake hujazwa. Siku hiyo hiyo, mtoto wa miezi sita na kuendelea anaweza kupewa kijiko upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, muuguzi akaangalia ni mkono gani unaokwenda. Kwa mdogo zaidi kuna uchunguzi unaohitaji mtoto alale chali na kurekodiwa video dakika chache akiwa na miezi mitatu hadi mitano. Aliyeuanzisha ni Heinz Prechtl, na leo simu ya mkononi inatosha kurekodi, mradi awepo aliyefunzwa kuitazama. Mwaka 2017 jopo la wataalamu likiongozwa na Iona Novak wa Australia lilieleza kwamba mtindio unaweza kutambuliwa kabla ya miezi sita, wakati desturi ilikuwa kusubiri hadi mwaka mmoja au miwili. Mama ambaye mwanawe hakulia alipozaliwa, aliyekaa na njiti wodini, au ambaye mtoto wake aligeuka manjano hadi nyayoni, asisubiri kuulizwa. Amtajie muuguzi historia hiyo kila aendapo kliniki, na aombe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo mtoto akiwa bado hajafikia umri wa kusimama dede.